Hapa Hatusemi Kidogo

Kwa jina la Mungu aliyenipa kazi na akanipa nguvu za kuimaliza. Mliponiomba niwaandikie machache kuhusu ukunga, ninyi vijana mnaoanza kuvaa koti jeupe huku Rusizi, kando ya mto wa mpakani, nadhani mlitegemea nianze na sindano au na mashine. Naanza na neno moja, na nawaomba mliache mlangoni kabla hamjavaa glavu. Neno lenyewe ni kidogo.

Huku kwetu neno hilo si kipimo, ni adabu. Mgeni ukimuuliza kama ana njaa, atasema kidogo. Mzee ambaye mgongo umemnyima usingizi atasema unamuuma kidogo. Mfiwa atasema amechoka kidogo. Na mwanamke aliyetoka kujifungua, aliyefundishwa tangu utoto kwamba mwenye heshima halii mbele za watu, ukimuuliza anaendeleaje atakutazama kwa upole na kukujibu: "Niko afazali kidogo, Maman." Jibu hilo nimelisikia kwa wake wa wakulima wa mpunga, kwa wake wa wafanyakazi wa saruji, kwa Wakatoliki na kwa Waislamu wenzangu, na kwa wale waliolelewa Bukavu wakarudi kuishi upande huu wa mto. Lafudhi zinatofautiana, jibu ni hilo hilo.

Sisi wahudumu tulikuwa na kidogo yetu pia. Mkunga wa zamu iliyopita akiulizwa mama ametoka damu kiasi gani, alisema kidogo, na wa zamu mpya akasema sawa. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisema alichokiona, na jicho, wanangu, halina mizani.

Aliyetuonyesha hilo alikuwa Dokta Mutesi. Alitumwa kwetu na chama cha madaktari wa uzazi, chama cha taaluma yao. Zamani chama kile kilituita kwenye semina mjini Kamembe. Tulikaa kwenye viti vizuri, tukala, tukatazama picha ukutani, tukarudi kwenye kituo chetu cha afya Bugarama tukafanya kama tulivyozoea. Kisha wakabadilisha njia. Wakasema hawatatuita tena, watakuja wao. Kila baada ya muda daktari mmoja alikuja, akalala kwa masista wa parokia, akafanya kazi pamoja nasi wodini kama mmoja wetu, akiosha mikono kwenye karai letu na kungoja maji yakikatika kama sisi.

Dokta Mutesi alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Siku moja alichanganya maji na rangi nyekundu, akayamwaga juu ya vitenge vizee, kila kitenge kiasi chake, akatuambia tukisie. Tulizunguka vile vitenge kama watu wanaochagua samaki sokoni. Mimi nilisema kidogo, mwenzangu akasema kidogo zaidi ya hicho. Papa Hamisi, mlinzi wa getini, alipita na fimbo yake akasema kwa maoni yake hicho ni kitenge kilichoharibiwa bure. Dokta naye alikisia, mbele yetu. Kisha tukakamua na kupima kwa jagi la jikoni. Wote tulikuwa tumekosea, na yeye pia, na wote tulikosea upande mmoja: tulikisia pungufu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akainua kitenge kimoja. Akasema tukifanya hivyo kwa rangi tunapoteza kitenge, tukifanya kwa mtu tunapoteza mama.

Siku hiyo ndipo tulipolifukuza lile neno. Tulikubaliana kwamba atakayesema kidogo akizungumzia damu ataosha mabeseni yote ya wodi. Sheria ikaota miguu, kama sheria za utani zinavyoota. Mpishi alisema ameweka chumvi kidogo, akaletewa beseni. Papa Hamisi alisema mvua imenyesha kidogo, akaosha mawili huku akinung'unika kwamba yeye ni mtu wa serikali. Mwenye kuteseka zaidi alikuwa Dokta mwenyewe, kwa sababu kila akijaribu Kiswahili chake alianza kwa kusema, "Najua kidogo." Aliosha mabeseni mengi kuliko sisi sote.

Chama kilituletea pia nailoni ya kulazia mzazi, yenye mfuko mwishoni wenye mistari ya kupimia. Kifaa kizuri. Lakini wamama hawakukipenda. Mmoja aliniuliza kama amekuja kuzaa au amekuja bucheri. Kwa hiyo tulikitumia wakati wa kuzaa, na kondo likishatoka salama, mama akiomba alale juu ya kitenge chake mwenyewe, tulimkubalia. Tuliona ni huruma. Nanyi mkumbuke hapo, kwa sababu hapo ndipo mlango ulipobaki wazi.

Kulikuwa na mwanamke jina lake Furaha. Alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, akaolewa kwetu, akalima mpunga na mumewe. Alikuja asubuhi akisindikizwa na mama mkwe wake, Maman Feza, mfanyabiashara wa kuvuka mpaka pale Rusizi ya Pili na vikapu vya nyanya, mwanamke wa rozari mkononi na sauti ya kusikika ng'ambo. Furaha alizaa vizuri. Mtoto wa kiume alilia mwenyewe bila kubembelezwa, tukampima, kondo likatoka lote, nailoni ikaonyesha damu ya kawaida. Tukaitoa. Maman Feza akatandika kitenge kipya chini ya mkwe wake, kizuri, chenye ndege wa kijani.

Kila nilipopita kumtazama, kitenge kilikuwa safi. Hata nilimsifu yule mama mbele ya wengine wodini. Niliwaambia, tazameni mama mkwe anayejua kazi yake. Naye akaona haya, akasema mzazi lazima alale pasafi.

Dokta Mutesi alikuwa amemaliza ziara yake. Alishafunga begi, dereva alikuwa akimngoja uani ili wawahi Kamembe. Nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri kwenye kile chumba cha nguo, nikapita kwa Furaha mara nyingine.

"Unaendelea aje, Maman?"

"Afazali kidogo, Maman Salima." Kisha akapiga mwayo, akanishika mkono. "Munifungulie dirisha."

Dirisha lilikuwa wazi. Pazia lilikuwa linapepea usoni pake.

Wanangu, katika miaka yangu yote sijaona mashine inayosema wazi kuliko sentensi ile. Mzazi anayepiga miayo na kuomba hewa wakati hewa iko usoni pake, anayeomba maji tena na tena, anayetaka kuinuka akae bila sababu, huyo anakuambia jambo ambalo adabu yake inamkataza kulisema. Usimwambie apumzike. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, na mapigo yalikuwa yakikimbia chini ya vidole vyangu kama mtu anayefukuzwa. Nikatazama kitenge. Safi. Ndege wa kijani wote wanaonekana.

Nikageuka kwa mama mkwe, nikamuuliza nguo alizomtolea ziko wapi. Akauliza nguo gani. Nikasema zile za chini yake.

"Ziko salama," akaniambia kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na wanaume mlangoni. "Usijali, ni kidogo tu. Nitafula miye mwenyewe."

Nikamwambia anipeleke. Alinipeleka nyuma ya wodi, kwenye bomba la kufulia, akiwa amekasirika kidogo, na hapa neno hilo naliandika kwa haki yake kwa sababu hasira haina lita. Palikuwa na beseni la bluu lenye kifuniko, alilokuja nalo kutoka nyumbani. Nililishika ukingo kwa mkono mmoja niliinue. Halikuinuka.

Nilifungua. Vitenge, khanga, shuka, vyote vimekunjwa vizuri kimoja juu ya kingine kama nguo za kuwekwa kabatini, na vyote vizito. Tangu nailoni ilipotolewa, yule mama alikuwa akichomoa kitenge kilicholowa na kuingiza kipya, juu kila mara kipande kingine cha ndege wale wale, kimya kimya, kwa upendo. Kwao, kama kwetu, damu ya mzazi haionyeshwi. Kuna macho mabaya, kuna wanaume, kuna majirani. Mama mkwe mwema huistiri.

Sikumlaumu hata kwa jicho, maana hapakuwa na muda. Nilipaza sauti. Kumbukeni hili: mkunga anayetambua damu haendi kutafuta dawa kwanza, anaita watu kwanza. Dokta alilisikia jina lake akiwa na mguu mmoja ndani ya gari.

"Dokta," nilimwambia, "hapa hatusemi kidogo."

Alilitupa begi pale pale uani.

Niliweka mkono juu ya tumbo la Furaha kutafuta mfuko wa uzazi. Ukiugusa ukawa mgumu kama paji la uso wako, mshukuru Mungu. Ukiwa laini kama shavu, kazi haijaisha. Wake ulikuwa kama unga uliozidi maji, ulinikimbia vidoleni. Nilianza kuusugua kwa nguvu. Dokta alimtolea mkojo kwa mpira, na msilisahau hilo, maana kibofu kikijaa mfuko wa uzazi haukazi hata uusugue mpaka jioni. Mwenzangu alitia sindano ya kuukaza, kisha akatafuta mishipa ya kutundikia maji, mkono huu na mkono ule, kabla mishipa haijajificha. Tulimfunika blanketi. Damu ilikuwa inatoka sasa juu ya nailoni mpya, ikishuka kwenye mfuko, na mistari ilikuwa inafunikwa mmoja baada ya mwingine. Hatimaye tulikuwa tunaiona.

Maman Feza alikuwa amesimama ukutani, rozari imemning'inia.

"Ni mimi nimemuua?" aliuliza.

"Hajakufa," nilimwambia. "Shika miguu yake, uiinue juu. Na usiache kusali."

Alishika. Aliishika ile miguu kama mtu anayeshika kamba kisimani.

Kisha ikaja zamu ya kupiga simu hospitali. Hospitali yetu iko juu milimani, na gari la wagonjwa huwa ni moja kwa watu wengi. Kabla chama hakijaja, tulikuwa tukipiga simu na kusema tuna mama anatoka damu, wakauliza ni nyingi, tukasema hapana si nyingi sana, na gari likaenda kwanza kwa aliyevunjika mguu. Safari hii tulileta beseni wodini. Dokta alikuwa ameshaingiza mkono mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo, akiubana mfuko wa uzazi katikati, na hakuweza kutoka hapo. Akaniambia nipime nguo. Tulikuwa na mizani moja tu, ya watoto wachanga. Nikapakia vile vitenge juu yake, ndege na maua na vyote, na mshale ukapanda, ukapanda, ukaenda kusimama karibu sana na pale uliposimama asubuhi kwa mtoto wa Furaha.

Wodi nzima ilikuwa inatazama mizani. Kila mwanamke kitandani alielewa bila kuelezwa.

Nilipima nguo kavu kama zile, nikatoa uzito wake, nikasema kwenye simu: zaidi ya lita moja, bado inatoka, mapigo ni haya, presha ni hii. Sikusema nyingi, sikusema kidogo. Mtu wa upande wa pili hakuuliza swali lolote zaidi. Alisema gari linatoka.

Hapa nawasimamisha, kama nilivyosimamishwa mimi kungoja gari lile, kwa sababu kuna la kujifunza na likipita hamtalisikia tena. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mzee aliyekuwa mkali wa herufi, alitufundisha kwamba subira si kunyamaza. Mwenye subira hamlalamikii Mungu, lakini akiwa na jeraha humwonyesha mwenye dawa. Nililisoma hilo utotoni nikalijibu vizuri kwenye mtihani. Nililielewa siku ile, nikiwa nimesimama mbele ya mizani ya watoto. Na sisemi kustiri ni kosa. Mungu mwenyewe hutustiri, nani angetembea barabarani kama Yeye asingetustiri? Ila mzazi stirini mwili wake, msistiri damu yake. Ndiyo maana baadaye wodi yetu iliwakabidhi mama wakwe kazi rasmi: wao ndio walinzi wa nguo. Kila kitenge kinachotoka, wanakileta kwetu ndani ya beseni lisilo na kifuniko, nyuma ya pazia, pasipo mwanaume. Dokta Mutesi aliupeleka utaratibu huo kwenye mkutano wa chama chao, wakaujadili, na vituo vingine vikaanza kuuliza: nguo ziko wapi? Wao walitupa kipimo, sisi tukawapa beseni. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Gari lilifika. Tulipanda wote: Furaha, Dokta akiwa bado na mikono pale pale, amepiga magoti, mimi na chupa za maji, na Maman Feza na mtoto kifuani, amemfunika uso kwa kitenge asipatwe na macho mabaya. Njia ya kutoka tambarare kwenda juu inapanda kupitia Gitambi, kona juu ya kona, na kila kona Dokta aligonga bega lake kwenye ubavu wa gari bila kulegeza mkono. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Dereva alikuwa anapiga honi kwa wakulima na mbuzi wao.

Nilimwinamia Furaha. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Unaendelea aje?"

"Afa..." alianza. Akameza mate. "Afazali..."

Maman Feza alimkatiza. Hakupaza ile sauti yake ya ng'ambo. Alisema polepole, kama mtu anayeomba msamaha.

"Mwanangu, leo usinipatie heshima. Sema kweli."

Furaha aligeuza uso kumwelekea mama mkwe wake.

"Niko mubaya," alisema. "Niko mubaya sana, Maman. Sikuoni vizuri. Naona giza."

Nikasema alhamdulillahi. Dokta alinigeukia akidhani nimechanganyikiwa. Lakini mgonjwa anayesema giza anakuambia cha kufanya. Nilifungulia maji ya mkono wa pili yaende yote, nikamsogezea kichwa chini, Dokta akabadilisha goti na kubana upya, na mimi nikamweleza Furaha kila kona tunayopita ili sauti yangu isimwache.

Hospitalini walikuwa mlangoni wakitungoja, kwa sababu walijua tunaleta nini. Wakaingia naye kwenye chumba cha upasuaji, na Dokta pamoja nao. Mlango ukafungwa.

Tulibaki kwenye benchi, mimi na Maman Feza na mtoto. Akasema bila kunitazama, "Nilikuwa ninamustiri tu." Nikamwambia najua. Damu ya akiba ilikuwa haitoshi, wakaagiza nyingine, na baadaye tuliona ndege ndogo isiyo na rubani ikipita juu ya mabati na kuangusha kifurushi cha damu chenye mwavuli uani. Mhudumu alikikimbilia kabla hakijatulia. Mimi niliyezoea kungoja damu ije kwa pikipiki, matope mpaka magotini, nilikitazama kile kimwavuli mpaka kikaingizwa ndani. Maman Feza alichezesha rozari yake, mimi nikahesabu dhikri kwa vidole, na tulipokosea wote tulianza upya. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba itakuwa sawa. Tungejuaje?

Hatimaye muuguzi mmoja kijana akatoka, barakoa imeshuka shingoni. Maman Feza alisimama na mjukuu wake mkononi.

"Iko aje?"

"Afadhali kidogo, Maman," alisema kijana, kwa heshima, akitaka kupita.

Maman Feza akajisogeza mbele yake. Mwili wake ni mpana, ule ukumbi si mpana.

"Kidogo gani?"

Kijana alinitazama anisaidie. Nikatazama sakafu.

"Papa," alisema Maman Feza, "mimi ninatoka mahali habasemaki kidogo. Rudia. Sema kiasi."

Yule muuguzi alirudi ndani. Tulisikia akiongea na mtu. Alipotoka tena alisimama wima kama mwanafunzi, akasema mfuko wa uzazi umekaza, damu imesimama, presha iliyoshuka imepanda, akaitaja, mkojo unatoka, damu ya pili inaingia. Maman Feza alipokea kila neno kwa kutikisa kichwa, kama anayepokea vikapu vyake mpakani, kimoja baada ya kingine.

"Na amesema nini yeye mwenyewe?"

"Amesema ana njaa sana," alijibu kijana. "Na anamutaka mtoto."

Maman Feza hakungoja zaidi. Alimweka mtoto vizuri mkononi, akaondoa kitenge alichokuwa amemfunika uso tangu Bugarama, akaingia naye ndani hivyo hivyo, uso wa mtoto ukiwa wazi, kila mtu amwone.